Hati Inalinda Mpaka, Nani Analinda Rutuba?

Hapa chuoni ukitaja sheria ya ardhi, mjadala unakwenda moja kwa moja kwenye migogoro: mkulima na mfugaji, kijiji na hifadhi, mjane na mashemeji zake, mwekezaji na wananchi. Ni mambo mazito, na yanastahili kelele zote zinazopigwa. Lakini katika mijadala hiyo ni mara chache nimesikia mtu akiuliza swali linalofuata. Ardhi ikishapata mwenyewe, ule udongo wa juu unaotulisha unalindwa na sheria gani, na nani anaisimamia?

Mimi natoka Manundu, Korogwe mjini, mkoa wa Tanga. Ukishuka pale stendi unaona mji wa biashara, lakini ukiwauliza watu nyumba kwa nyumba, wengi bado wanakula kutokana na jembe. Wanaishi mjini, wanalima nje ya mji: kwenye vijiji vya jirani, kando ya mto Pangani, upande wa Handeni, au kwenye vipande vya ardhi ya mashamba ya mkonge. Kwa hiyo swali hili kwangu si la semina tu, ni la sufuria ya nyumbani.

Hoja yangu ni moja, na nitajaribu kuijenga taratibu. Rutuba inalindwa pale ambapo anayelima ana uhakika wa kubaki shambani muda wa kutosha kuvuna kile alichokirudisha ardhini. Sheria ambayo haimpi huo muda, hata ikiwa kali namna gani, udongo haitaufikia.

Kwanza, rutuba ni hesabu

Wenzangu wa kilimo mnisamehe, nitalieleza kwa lugha ya sisi tusio wataalamu. Sehemu ya udongo inayobeba mazao ni tabaka la juu, kiasi cha sentimita 20 hadi 30. Humo ndimo yanamokaa mabaki ya mimea yaliyooza, wadudu wadogo, maji, na virutubisho: naitrojeni, fosforasi, potasiamu na vinginevyo.

Sasa chukua mahindi. Punje ya mahindi ina naitrojeni kiasi cha asilimia moja na nusu. Maana yake gunia la kilo 100 likiondoka shambani, limeondoka na kilo moja na nusu hivi ya naitrojeni. Ekari iliyotoa magunia 10 imepoteza kama kilo 15, na hapo hujahesabu mabua yaliyochomwa moto au kuliwa na ng'ombe wa jirani. Mfuko wa kilo 50 wa urea una naitrojeni kilo 23, ila mmea hauipati yote: nyingine hupotea hewani, nyingine huchukuliwa na maji. Ukilima miaka mitano bila kurudisha kitu, unakula mtaji. Ni kama kutumia ada kununulia chipsi: muhula wa kwanza huoni tatizo.

Kurudisha rutuba nako kunachukua muda. Samadi ukiimwaga leo, msimu wa kwanza hutoa sehemu tu ya naitrojeni yake, na nyingine husubiri msimu wa pili na wa tatu. Chokaa ya kupunguza asidi, makingamaji, mistari ya majani kwenye mteremko, miti ya mipakani, vyote vinataka jasho la leo na malipo ya baadaye. Shika hilo neno "baadaye", maana ndilo linaloamua kila kitu kwenye makala hii.

Nchi ya shirikisho inafanyaje?

Tuanze nje kidogo, kwa sababu jirani yetu wa kaskazini ya Kenya ana mfano mzuri wa kujifunzia. Ethiopia ni nchi ya shirikisho kwa Katiba yake ya mwaka 1995. Katiba hiyo inasema ardhi ni mali ya dola na ya watu wa Ethiopia, haiuzwi. Serikali ya shirikisho inatunga sheria ya jumla ya matumizi na hifadhi ya ardhi, na majimbo kama Tigray, Amhara na Oromia yanaisimamia ardhi na kutunga sheria zao chini ya ile ya jumla.

Tangazo la shirikisho namba 456 la mwaka 2005 liliingia hadi kwenye mteremko wa shamba. Ardhi yenye mteremko unaozidi asilimia 60 isilimwe wala isichungwe mifugo ovyo. Iachiwe miti, mazao ya kudumu na majani ya malisho. Kati ya asilimia 31 na 60, mazao ya msimu yaruhusiwe tu kama mkulima amejenga matuta ya ngazi. Kwa asiyezoea hesabu hizi: asilimia 60 maana yake ukienda mita 100 mbele, umepanda mita 60 juu. Ni kama nyuzi 31. Watu wa Bungu na Vugiri wanaijua hiyo miteremko kwa magoti, hawahitaji kipimo. Tangazo hilo lilisema pia kwamba mwenye ardhi ana wajibu wa kuitunza, na akiiharibu anaweza kupoteza haki ya kuitumia. Namna ya kutekeleza adhabu hiyo iliachiwa majimbo.

Mwaka 2024 Ethiopia ilitunga tangazo jipya badala ya lile, lakini somo la miaka ile bado lipo. Tazama jinsi majimbo mawili yalivyotofautiana kwenye jambo linaloonekana dogo, yaani kukodisha shamba. Sheria ya Oromia ya mwaka 2007 ilimruhusu mkulima kukodisha si zaidi ya nusu ya ardhi yake, kwa muda usiozidi miaka 3 kama mpangaji analima kwa zana za kienyeji, na miaka 15 kama analima kisasa. Sheria ya Amhara ya mwaka 2006 iliruhusu hadi miaka 25. Nchi moja, katiba moja, lakini mpangaji wa upande mmoja anaweza kupanda mti na kuukuta umekua, na wa upande wa pili anahesabu misimu kwa vidole.

Kila upande ulikuwa na sababu. Oromia ilikuwa inamlinda mwenye shamba maskini asije akajikuta amekodisha urithi wote na kubaki kibarua. Amhara iliacha mlango wazi kwa mwenye mtaji wa kuwekeza. Faida ya shirikisho ni hiyo, kwamba majimbo yanajaribu njia tofauti na mnaweza kulinganisha. Hasara yake ni kwamba udongo hauujui mpaka wa jimbo: mmomonyoko wa mlimani kwako ni tope kwenye bwawa la jirani.

Ethiopia ilifanya na jambo la pili. Kuanzia Tigray mwaka 1998, na baadaye majimbo mengine, ilianza kugawa vyeti rahisi vya ardhi kwa mamilioni ya kaya. Watafiti waliofuatilia jimbo la Amhara walikuta kwamba kaya zilizopata vyeti zilijenga na kukarabati makingamaji zaidi kuliko zile ambazo bado hazijapata. Hakuna aliyewachapa viboko. Waliacha tu kuogopa kunyang'anywa kwenye mgao mpya wa ardhi.

Kenya si shirikisho, lakini Katiba yake ya mwaka 2010 iligawa madaraka kwa kaunti 47, na Nyongeza ya Nne imetaja wazi kuwa utekelezaji wa sera za taifa za kuhifadhi udongo na maji ni kazi ya kaunti. Yaani ukiona bonde limeliwa na maji kule Machakos, unajua ofisi ya kwanza ya kugonga mlango.

Sisi si shirikisho, lakini sheria zetu ni mbili

Tanzania ni Muungano wenye serikali mbili. Ukifungua Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya mwaka 1977 utakuta orodha ya mambo 22 ya Muungano. Ulinzi umo, uraia umo, sarafu imo. Ardhi haimo. Kilimo hakimo. Kwa hiyo tunapoimba kwamba ardhi ni ya Watanzania wote, kisheria tuna mifumo miwili inayoishi nyumba moja.

Zanzibar ina Sheria namba 12 ya mwaka 1992, na nyuma yake kuna historia ya Mapinduzi ya 1964, ardhi kutaifishwa na wananchi kugawiwa eka tatu tatu. Udongo wenyewe wa Unguja umegawanyika: upande wa magharibi ni wa kina, wenye karafuu na minazi, na mashariki ni uwanda wa mawe ya matumbawe, mahali ambapo mtu analima kwenye vishimo vya udongo katikati ya jiwe. Mgao wa eka tatu ulikwenda zaidi kwenye udongo wa kina, na leo eka zile zinagawanywa kwa watoto na wajukuu, na mjini wanazila kwa matofali. Udongo uliokwisha kujengewa nyumba hakuna samadi itakayoufufua.

Bara tuna sheria mbili zilizotungwa mwaka 1999 na kuanza kutumika Mei 2001: Sheria ya Ardhi namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5. Zilikuja baada ya Tume ya Profesa Issa Shivji na Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995. Ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Imegawanywa mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi.

Sasa je, udongo umetajwa? Umetajwa, tena mara nyingi kuliko tunavyodhani. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinamtaka mwenye hakimiliki ya kimila aiweke ardhi katika hali nzuri, na kama ni shamba, alilime kwa kufuata utaratibu wa kilimo bora uliozoeleka eneo hilo. Akikiuka, halmashauri ya kijiji ina ngazi za kupanda: kumtoza faini, kumwekea agizo la usimamizi, kumpa mtu mwingine ardhi hiyo kwa muda, na mwisho kabisa kufuta haki yake. Sheria zote mbili zinamruhusu Waziri kutangaza ardhi hatarishi, ikiwemo miteremko mikali na eneo la mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo imezikazia hizo mita 60. Halafu kuna Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007, na chini kabisa kuna sheria ndogo za kijiji: halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu wa kijiji unakubali, halmashauri ya wilaya inaidhinisha.

Kwa hiyo hatuwezi kusema hakuna sheria. Ila ukipita kando ya mto Pangani msimu wa kiangazi utaona mboga zimelimwa mpaka miguu ya mkulima inagusa maji. Aliyelima pale anaijua sheria, na mtendaji anayepita naye anaijua. Shida ni kwamba mita 60 zile ndizo zenye unyevu, na hakuna aliyemwonyesha mkulima pa kwenda.

Matuta ya Usambara, au namna ya kumfanya mtu auchukie udongo wake

Kwetu Tanga tumekwishaona sheria kali ya udongo ikianguka. Miaka ya 1930 upepo ulibeba udongo wa mashamba ya katikati ya Marekani na kuutia nchi nzima hofu. Mwaka 1937 Rais Roosevelt aliwaandikia magavana akiwataka kila jimbo litunge sheria ya wilaya za kuhifadhi udongo, zinazoendeshwa na wakulima wenyewe. Waingereza waliokuwa wakitawala Afrika Mashariki waliisikia hofu hiyo wakaileta huku. Ile sehemu ya "wakulima wenyewe" waliiacha njiani.

Mwaka 1946 walianzisha mpango wa kuokoa bonde la Mlalo, Lushoto, na baadaye wakaupanua kwenye milima ya Usambara. Amri ilikuwa kuchimba matuta kwenye mashamba ya mteremko, kila mwaka kipande, na asiyechimba anashtakiwa mbele ya baraza la wenyeji na kutozwa faini. Kazi kubwa iliwaangukia wanawake, juu ya kazi zote walizokuwa nazo, na mavuno yaliyoahidiwa hayakuonekana. Wengine waliamini kwamba shamba likishachimbwa vizuri, serikali italichukua.

Kisambaa kina maneno mawili ambayo mwanahistoria Steven Feierman ameyaandika sana: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu nchi. Kwa Wasambaa, mtawala mwema ndiye aliyeiponya nchi, mvua ikanyesha na watu wakashiba. Mpango wa matuta uliokuja ukidai kuuponya udongo ulionekana na wengi kama kubana shi yenyewe. Upinzani uliingia kwenye siasa za TANU, na kabla ya Uhuru mpango ukaachwa. Kule Uluguru hali ilikuwa hiyo hiyo: matuta ya ngazi ya kulazimishwa, na mwaka 1955 ghasia zikazuka.

Linganisha na mwaka 1981, ulipoanza mradi wa SECAP kule Lushoto kwa ushirikiano na Wajerumani. Mistari ya majani ya gwatemala ilipandwa kukata mteremko, majani yale yale yakalishwa ng'ombe wa ndani, ng'ombe akatoa maziwa na samadi, samadi ikarudi shambani. Mradi ulikuwa na mapungufu yake kama miradi yote, lakini mama aliyepanda majani alikunywa maziwa yake mwenyewe, na shamba lilikuwa lake. Mteremko ni ule ule, watu ni wale wale, na safari hii yale majani yakabaki.

Shamba la msimu mmoja

Turudi Manundu. Sisi ni kata ya mji. Mtaa una mwenyekiti, lakini hauna mamlaka ya ardhi ambayo kijiji kinayo. Mtu wa Manundu anayelima, mara nyingi analima ardhi ya mtu mwingine. Analipa kodi ya shamba kwa ekari, kwa msimu, masika au vuli. Mkataba ni mdomo, shahidi ni Mungu na mtoto aliyetumwa kupeleka hela.

Mama yangu amelima hivyo miaka mingi. Shamba moja alilikodi misimu minne mfululizo, ekari moja na nusu. Udongo ulikuwa umechoka, mahindi yanatoka ya manjano kama yana homa. Akaanza kununua samadi kwa mfugaji, anaileta kwa bodaboda viroba vinne vinne, akaacha mabua yaoze shambani badala ya kuyachoma, akachanganya kunde. Msimu wa nne mahindi yalikuwa ya kijani kibichi mpaka wapita njia wanauliza mbegu gani. Msimu wa tano mwenye shamba akamwambia kwa upole kabisa, "Dada yangu, mwaka huu nalima mwenyewe." Mama alijibu, "Haya kaka, shamba ni lako." Akashika njia akarudi nyumbani.

Mwenye shamba hakuvunja sheria yoyote, na simlaumu. Naye ana watoto. Lakini tazama kilichofuata. Shamba alilokodi baada ya hapo, Mama hakuweka hata kiroba kimoja. Alinunua mfuko wa mbolea ya chumvichumvi ya ruzuku, ile inayoisha na msimu, akavuna, akachoma mabua. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Mwanangu, nipike niondoke njaa bado?" Sijasikia mhadhara wa uchumi wa ardhi uliolieleza hilo kwa ufupi zaidi. Mpangaji wa msimu anaweka mbolea ya msimu.

Na upande wa pili wa barabara kuna mkonge. Dakta Richard Hindorf aliuleta Pangani mwaka 1893, na hadi mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha takriban tani 230,000. Shamba la mkonge lina hati ambayo sheria inaruhusu ifike miaka 99. Ungetegemea mwenye miaka 99 autunze udongo kama mboni ya jicho, lakini mkonge ulipolimwa kwa miongo mingi bila kurudishiwa kitu, udongo ulipata asidi na kupungukiwa kalsiamu na potasiamu. Uzi ni kama sehemu 4 tu kati ya 100 za uzito wa jani; zilizobaki ni taka, ambazo kwa miaka mingi ziliachwa kwenye lundo au kupelekwa na maji badala ya kurudi shambani. Kwa hiyo niwe mkweli: muda peke yake hautoshi. Mwenye muda mrefu anahitaji kuwajibishwa, na mwenye muda mfupi anahitaji kuongezewa. Sheria yetu inazo nyenzo za la kwanza. La pili tumeliacha mikononi mwa upole wa watu.

Neno moja ambalo tayari limo kwenye sheria

Katika Sheria ya Ardhi kuna tafsiri ya maendelezo ambayo manufaa yake hayajaisha. Wengi tunadhani ni nyumba, kisima na miti. Lakini tafsiri yenyewe ni pana: ni kitu chochote, au sifa yoyote, iliyoshikamana na ardhi kwa kudumu kutokana na mtaji au nguvu za anayeikalia, na inayoongeza uwezo wa ardhi kuzalisha. Sifa yoyote! Mimi nikisoma hapo naona samadi ya Mama. Rutuba iliyojengwa kwa misimu minne ni sifa ya ardhi, na imetokana na nguvu za mtu.

Tafsiri hiyo tunaitumia serikali inapotwaa ardhi na kulipa fidia. Kati ya mwenye shamba na mpangaji wa msimu hakuna anayeikumbuka. Uingereza walilipitia tatizo hili hili. Mwaka 1875 walitunga sheria ya mashamba ya kukodi iliyotambua kwamba mpangaji anayeondoka anadai malipo ya mbolea na chokaa ambayo faida yake bado imo ardhini. Kwa kuwa wenye mashamba waliruhusiwa kuikwepa kwa mkataba, wengi waliikwepa, na mwaka 1883 ikafanywa ya lazima. Yaani hata kule ilibidi sheria ije mara mbili.

Tunaweza kuanza na kipi?

Sina haja ya kusubiri Bunge. Vitu vitatu vinawezekana kwa sheria zilizopo.

Cha kwanza ni mkataba wa maandishi, ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida, mbele ya mtendaji wa kijiji. Uwe wa misimu sita, yaani miaka mitatu kwa sehemu zenye masika na vuli. Useme mabua yasichomwe. Useme mpangaji akiweka samadi, chokaa au makingamaji, na mwenye shamba akamwondoa kabla ya muda, wanakadiriana na analipwa kwa misimu iliyobaki. Mwenye shamba naye apate haki ya kukagua, na akikuta udongo umeharibiwa, avunje mkataba. Ni haki kwa pande zote.

Cha pili ni sheria ndogo ya kijiji. Kijiji kinachopakana na mji kama wetu kinaweza kuandika kwenye sheria zake ndogo kwamba ardhi inayokodishwa inakodishwa kwa mkataba wa namna hiyo, na ada ndogo inaingia kijijini. Handeni ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo ambako MKURABITA ilijaribu urasimishaji wa ardhi za vijiji, kwa hiyo wazo la kijiji kushika daftari la haki za ardhi si geni upande wetu. Daftari hilo hilo liongezwe safu moja: shamba hili limekodishwa kwa nani, mpaka lini.

Cha tatu ni kupima. Muheza, mwendo mfupi kutoka Korogwe, kuna kituo cha utafiti cha TARI Mlingano, ambacho kazi yake mojawapo ni udongo. Mkataba ukianza na kipimo cha udongo na kuisha na kipimo, ugomvi wa "uliniharibia shamba" na "nililitengeneza mimi" unapata shahidi asiye na upande.

Hapa ndipo tunapoingia sisi. Chuoni kuna wanasheria wanaoandika mikataba ya kubuni kwa ajili ya maksi, kuna wa kilimo wanaojaza chupa za udongo maabara, kuna wa ualimu wanaojua kueleza jambo likaeleweka. Likizo hii kila mmoja anarudi kwao. Andika huo ukurasa mmoja na mwenzako wa sheria, upeleke kijijini, msome na mtendaji, mrekebishe palipo pagumu. Mimi wa kwangu nimekwisha kuuandika. Umebaki na nafasi wazi mbili, moja ya jina la mwenye shamba na nyingine ya idadi ya misimu. Mama amesema hiyo ya misimu atajadiliana mwenyewe.